Kompyuta yangu, apdeti yao

Leo sina stori za kantini. Nina hasira.

Juzi nilinunua bando la GB 1, makusudi la kutuma asaimenti ya kundi letu, mwisho saa sita usiku. Nikaunganisha kompyuta na intaneti ya simu, nikaenda kuoga. Kurudi, bando limekwisha, kioo kinaniambia nisizime mashine, asilimia 12. Mfumo gani sisemi, maana tabia hii si ya mmoja. Bahati faili lilikuwa kwenye flashi pia. Tukatuma kwa kompyuta ya rumeti, zimebaki dakika nne.

Rumeti anasoma mambo ya kompyuta, akanijia juu: "Bila apdeti utaliwa na virusi, ndugu yangu!" Sibishi. Mei 2017 WannaCry ilivamia kompyuta za Windows katika nchi zaidi ya 150, ikavuruga hata hospitali za Uingereza. Dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia hawakuiweka.

Kwa hiyo sipingi apdeti. Napinga kuingiliwa chumbani bila hodi.

Windows 10 ilipotoka Julai 2015, toleo la Home halikuwa na kitufe cha kusema "subiri kwanza". Toleo la Pro, wanalotumia maofisini, liliruhusiwa kuahirisha. Yaani kampuni inapigiwa hodi, sisi tunasukumiwa mlango! Home walipewa ruhusa ya kusimamisha mwaka 2019, tena siku 35 tu. Na wasiotaka haraka hawakuwa wajinga: apdeti kubwa ya Oktoba 2018 ilifuta mafaili ya baadhi ya watu, Microsoft wenyewe wakaisitisha baada ya siku chache.

Halafu kuna suala la bando. Windows ina sehemu ya kuiambia kuwa intaneti yako ni ya kupimwa, ipunguze kupakua. Nzuri. Lakini kwa kawaida imezimwa kwenye Wi-Fi, unaitafuta mwenyewe kwenye mipangilio. Aliyeipanga hivyo anadhani kila mtu ana intaneti isiyoisha. Aje hosteli kwetu mwisho wa mwezi, bumu limekata, aone.

Msiniambie haiwezekani. Mac inatenganisha viraka vya usalama na matoleo mapya ya mfumo. Ubuntu inaweka viraka vya usalama yenyewe, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haiizimi na kuiwasha kompyuta bila wewe kusema. Ingawa nao si malaika: programu za snap zilikuwa zikijiapdeti utake usitake, mpaka mwaka 2022 ndipo ikaruhusiwa kuzizuia bila kikomo.

Ninachodai ni kidogo. Viraka vya usalama vije, vidogo, vimetengwa na mapambo mapya. Niambiwe ni MB ngapi kabla bando halijaguswa. Na saa ya kuzima na kuwasha nichague mimi. Mtu akilazimishwa sana anatafuta njia ya kuzima apdeti zote, na hapo ndipo WannaCry nyingine itamkuta. Ukitaka mtu ajilinde, mheshimu kwanza.

Haya, nakwenda kulala. Kesho nina pindi saa moja asubuhi. Kompyuta nimeizima, intaneti nimekata. Mlango nimefunga na komeo.