Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima

Katika nchi hizi zetu za Ngara na Biharamulo, Nyabusozi ikiwamo, mtoto mnono husifiwa mlangoni kabla hajaketi, na mamaye huzipokea sifa zile kama stahili yake. Wala sistaajabu, kwa kuwa wazee waliopata kuiona njaa hawawezi kuuchukia unene. Najua pia kwamba, kwa hesabu ya utafiti wa taifa wa mwaka 2022, watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtu ana haki ya kuniuliza yanihusu nini maradhi ya mafuta kujaa katika ini la mtoto mnono. Yanihusu kwa kuwa maradhi hayo hayabishi hodi: ini hujaa mafuta pasi na maumivu, na pengine alama pekee ya nje ni weusi wa shingo uandamanao na insulini kushindwa kazi yake, ambao mama huusugua kwa dodoki akidhani ni taka.

Soda ya mililita 350 huchukua sukari ya kadiri ya vijiko tisa vya chai, na ile sehemu yake iitwayo fruktosi aghalabu huishia katika ini, ambalo likizidiwa huigeuza mafuta. Mwaka 2019 matabibu wa Marekani walitangaza jaribio lao juu ya wavulana 40 wenye maradhi haya: 20 walipunguziwa mno sukari ya kuongezwa kwa majuma manane, na mafuta ya ini yakashuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Linalonivutia zaidi ya tarakimu ni kwamba chakula kile kilipangiwa nyumba nzima, si mgonjwa peke yake.

Sisi hufanya kinyume. Mtoto huambiwa aache soda na babaye amekaa barazani na yake mkononi. Hukatazwa chipsi, kisha akapewa nauli ya bodaboda kwenda shule ambayo kaka zake waliiendea kwa miguu. Hiyo kwangu ni adhabu, na mtoto aonewaye hula kwa siri. Wala asishindishwe njaa: maadamu angali anarefuka, mara nyingi yatosha uzito usimame huku kimo kikipanda. Ndizi zichemshwe na maharage, chai ipunguziwe sukari kwa wote, na mtoto apate saa moja kila siku ya kukimbia na kutoka jasho, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani.

Lililo gumu kuliko yote ni kumkirimu mgeni, maana siku hizi asipofunguliwa soda huona amedharauliwa, na mtoto ndiye atumwaye dukani kuifuata, akabakishiwa nusu chupa kuwa ujira wake.