Nani Atalipa Mwanagenzi Akiumia Karakanani?

Vituo vingi vya kufundishia ufundi nchini Kenya haviendeshwi na serikali wala na wafanyabiashara. Vinaendeshwa na makanisa, misikiti, vikundi vya kina mama na mashirika yasiyo ya kiserikali, mara nyingi katika majengo ya kukodi au katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba ya ibada. Humo kijana aliyeachia shule njiani hujifunza kuchomelea vyuma, useremala, umeme wa majumbani, ushonaji au ususi, kwa ada ndogo au bila ada kabisa. Ni kazi ya heri inayostahili kuungwa mkono. Lakini kuna swali ambalo viongozi wengi wa vituo hivi hawaliulizi mpaka msiba uwafike: kijana huyu akikatwa vidole na msumeno wa umeme, nani atalipa?

Jibu tulilozoea ni harambee. Namba ya kutumia pesa inasambazwa kwenye simu, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na wasamaria wema wanachanga. Utu huo ni wetu na tusiuache. Hata hivyo, harambee hulipa bili ya hospitali ya juma la kwanza. Haimlipi kijana wa miaka 19 ambaye mkono wake wa kulia hautashika tena nyundo, na ambaye kwa miaka 40 ijayo atahitaji riziki. Tena huwafikia zaidi wenye jamaa wengi na marafiki wenye uwezo, hali vituo hivi vipo hasa kwa ajili ya wasio na mtu.

Sheria inasemaje? Kwa mfanyakazi wa kawaida, Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA. Inamtaka kila mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na fidia hulipwa bila mhanga kulazimika kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Mtu akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia yake ni mapato ya miezi 96. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilimaliza mvutano wa miaka mingi ilipoamua kwamba sheria hiyo haikiuki Katiba.

Sheria hiyo inamtambua pia mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa mkataba chini ya mwajiri. Shida inaanzia hapo. Kijana wa kituo cha msaada hana mkataba wa kazi na hana mshahara. Amejiandikisha kama mwanafunzi, na pengine analipa ada yeye mwenyewe. Akiumizwa na mashine ileile iliyomuumiza mkufunzi wake, mkufunzi ana mlango wa kubisha ila mwanafunzi hana. Hata pale atakapohesabiwa kuwa mwanagenzi, mizani ya fidia ni mapato, naye hana mshahara wa kupigiwa hesabu kwa urahisi. Na hao wakufunzi wenyewe, wengi ni mafundi wanaojitolea na kupewa nauli tu, hivyo hadhi yao mbele ya sheria inaweza kuzua ubishi.

Mambo huzidi kuwa magumu kijana anapopelekwa kufanya mazoezi kwenye gereji au kiwandani. Akianguka kutoka kwenye ngazi, mwenye gereji atasema huyu ni wa kituo, nacho kituo kitasema ameumia akiwa chini ya usimamizi wa gereji. Kwa kuijua hatari hiyo, kampuni nyingi kubwa hazimpokei mwanafunzi asiye na barua ya bima. Kwa hiyo kijana wa taasisi yenye uwezo anaingia kiwandani penye mashine za kisasa, na yule wa kituo cha msaada anaishia kwenye kibanda cha jua kali, ambako hakuna anayeuliza barua wala anayevaa miwani ya kukinga macho. Kukosa bima kunamnyima mafunzo bora kabla hata ajali haijatokea.

Baadhi ya vituo hudhani vimejikinga kwa kumfanya mzazi atie sahihi karatasi inayosema kituo hakitawajibika kwa lolote. Karatasi hiyo si kinga ya uhakika. Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye kulisimamia eneo achukue tahadhari ya kutosha kwa ajili ya wanaoingia kwa ruhusa yake, na inamkumbusha kwamba watoto huwa hawana uangalifu wa watu wazima. Wanafunzi wa vituo hivi wengine wana miaka 16 au 17. Kituo kilichomwacha kijana wa umri huo atumie grinda ambayo kinga yake imeng'olewa, kisitegemee kuokolewa na sahihi ya baba yake.

Basi kituo kinahitaji bima gani? Kwa maoni yangu, utaratibu uanze na watu kisha uje kwenye mali. Ya kwanza ni bima ya ajali binafsi ya kikundi, inayowataja wanafunzi wote na kuweka kiasi maalumu kitakachotolewa kwa kifo, kwa ulemavu wa kudumu na kwa matibabu. Ubora wake ni kwamba haitegemei mshahara. Kiasi kimekubaliwa tangu mwanzo. Mkataba uandikwe wazi kwamba unamfuata mwanafunzi hata akiwa kwenye mazoezi ya kazi nje ya kituo. Ya pili ni WIBA kwa kila anayelipwa na kituo, akiwemo mlinzi na mpishi. Ya tatu ni bima ya dhima kwa umma, ambayo husimama pale mteja aliyekuja kusukwa anapoungua kichwa kwa dawa, au cheche za kuchomelea zinapoteketeza duka la jirani.

Bima ya afya ya umma chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyoanza kazi Oktoba 2024, nayo ina nafasi yake. Asiye na mshahara huchangia kulingana na uwezo wa kaya yake, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, na kila kituo kingefanya vyema kuhakikisha wanafunzi wake wamesajiliwa. Ila tuwe wakweli: bima ya afya hutibu jeraha. Hailipi kidole kilichokatika wala riziki iliyopotea.

Upande wa mali, kosa linalojirudia linahusu mashine za msaada. Cherehani 20 zimeletwa na mfadhili, hazina risiti, basi haziingizwi kwenye daftari la mali, na kisichokuwa daftarini hakikatiwi bima. Pengine zinakatiwa kwa thamani ya chini ili kupunguza malipo. Hapo mtego ni mkubwa. Tuseme vifaa vya karakana vina thamani ya shilingi milioni 4, lakini vimekatiwa bima ya milioni 2. Moto ukiunguza vya milioni 1, kampuni italipa nusu, yaani laki tano, kwa kuwa mwenye mali alijibebea mwenyewe nusu ya hatari. Vilevile, bima ya wizi kwa kawaida hudai pawe na dalili za kuvunja. Drili iliyotoka mlangoni mchana kwenye mkoba wa mtu haihesabiwi. Na pikapu iliyokatiwa bima ya kubeba mizigo, siku ikipakia wanafunzi nyuma ikapata ajali, inaipa kampuni sababu ya kukataa dai. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, hususan sehemu inayotaja yale yasiyolipwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema fedha zenyewe ni chache, na kila shilingi ya bima ni shilingi inayompunguza mwanafunzi mmoja darasani. Ni kweli bima ni gharama. Lakini kesi moja ya madai inaweza kukifunga kituo chote na kuwatoa wanafunzi wote. Wengine wanasema kampuni za bima ni hodari kupokea na nzito kulipa. Wakenya wamewahi kuona kampuni kama United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 zikiwekwa chini ya msimamizi huku wateja wakibaki na madai mikononi. Kutoamini huko kuna msingi, na ndiyo sababu kituo kiulize kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima kabla ya kuchagua, kisiangalie bei pekee. Na kwa Waislamu wanaoona shaka katika bima ya kawaida, takaful imekuwa ikiuzwa Kenya tangu 2011, kwa msingi wa kuchangiana. Madrasa au taasisi ya Kiislamu inayofundisha ufundi ina njia ya kuwalinda vijana wake bila kwenda kinyume na imani.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Fomu ya maombi ya bima huuliza maswali ambayo mkuu wa kituo alipaswa kujiuliza zamani: mkufunzi mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Mashine zina kinga? Kizimamoto kilikaguliwa lini? Nyaya za umeme zilifungwa na fundi mwenye leseni? Mwenye kujibu kwa ukweli hujikuta akirekebisha karakana kabla ya kulipa hata senti. Bima haichukui nafasi ya usalama, na kuna mambo ambayo haitayasafisha kamwe. Dhuluma ya kingono dhidi ya wanafunzi, kwa mfano, mara nyingi haimo katika mikataba ya kawaida, na dawa yake ni kuwachuja wanaoajiriwa na kuwa na mahali salama pa kulalamika.

Mzigo huu hata hivyo usiachiwe vituo peke yake. Wafadhili wengi hufurahia kulipia cherehani zinazopigwa picha na huiona bima kuwa gharama ya utawala inayofaa kupunguzwa. Msimamo huo haufai. Anayetoa msumeno wa umeme kwa ajili ya vijana 30 na kukataa kulipia bima yao ametoa hatari bila kinga. Bima ya wanafunzi iandikwe kwenye bajeti ya mafunzo, pamoja na vyuma na mbao.

Serikali nayo ina chombo mkononi. Kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, fedha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Sehemu ya mfuko huo itumike kuwakatia bima ya pamoja ya ajali wanafunzi wote wa vituo vilivyosajiliwa, bila kujali mwenye kituo ni nani. Waajiri watalalamika kwamba mfuko ni wao, lakini ndio watakaowapokea vijana hawa kwa mazoezi, na barua ya bima wanayoidai itakuwa tayari. Vituo vinavyofanya kazi bila usajili navyo vitapata sababu ya kujisajili chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Ufundi Stadi (TVET) ya mwaka 2013.

Lisilofaa ni kuifanya bima kuwa sharti la leseni leo, kabla ya kutafuta wa kuilipia. Vituo vidogo vitafungwa, na vijana watarudi kujifunza vibandani bila msimamizi wala fidia. Fedha zitangulie, kisha sharti lifuate.

Wakati hayo yakisubiriwa, wadhamini wa kila kituo wana la kufanya katika mkutano wao ujao: waorodheshe wanafunzi wote kwa majina, waombe bei ya bima ya ajali ya kikundi kutoka kwa kampuni tatu, na waamue. Kama fedha hazitoshi kuwakinga vijana wote na mashine zote, waanze na vijana.