"Bandi wa kwanza" na rafiki yake wa televizio

Vijana wa Kalemie wanatuuliza mara kwa mara: mwimbaji anajulikana kwa njia gani? Ni sauti, ni pesa, ama ni mtu mmoja tu anayekubali kukufungulia mlango? Mwezi huu tutazame Alpha Blondy, mwimbaji wa rege wa Côte d'Ivoire. Wazazi, msigeuze ukurasa mbio. Habari hii inawahusu ninyi pia, pengine kuwapita vijana.

Jina lake la kweli ni Seydou Koné. Alizaliwa Dimbokro mwaka 1953, mtoto wa kwanza wa jamaa ya watoto tisa, na nkambo wake mwanamke ndiye aliyemlea. Juu ya utundu wake nkambo alimwita "bandi", lakini Kifaransa kilikuwa kigumu kwake, neno likatoka kinywani "blondi". Kijana hakulitupa jina lile. Alipokuwa mkubwa aliweka mbele yake Alpha, herufi ya kwanza ya Wagiriki. Basi, ni kusema "bandi wa kwanza". Kwetu pia tunajua kupachika watoto majina: "mutoto wa bure", "shege", "kichwa nguvu". Si kila mtoto anaweza kugeuza tusi kuwa jina la sifa.

Shuleni Korhogo alianzisha kikundi cha muziki, na juu ya muziki ule akafukuzwa. Wazazi wakamtuma Monrovia, Liberia, mwaka 1973, ajifunze Kiingereza. Mwaka 1976 akaenda Marekani, kwa nia ya kuwa mwalimu wa Kiingereza. Huko New York alifanya kazi ndogo ndogo za kutafuta chakula, na huko alimwona Burning Spear wa Jamaika akiimba mbele ya watu. Ualimu ukaanza kukimbia kichwani.

Aliporudi kwao, mambo yakawa mabaya. Mtoto aliyetumwa kusoma anarudi na nywele za rasta, bila diploma, na anaimba! Watu wakasema ana wazimu. Alilazwa lupitali ya wagonjwa wa akili. Wazazi, hapa tusimame kidogo. Ugonjwa wa akili upo, na mgonjwa anastahili munganga. Lakini kuna wakati sisi wazazi tunaita ugonjwa kitu ambacho ni haya yetu tu mbele ya majirani.

Basi nani alimtoa gizani? Rafiki. Fulgence Kassy alikuwa mtangazaji aliyejulikana sana katika redio na televizio ya serikali, RTI. Alikuwa na kipindi cha kuonyesha waimbaji wapya, "Première Chance", ndiyo kusema "Bahati ya Kwanza". Akamweka Seydou mbele ya kamera. Ile wakati Côte d'Ivoire nzima ilikuwa inatazama televizio moja tu, ya serikali. Ukionekana pale, kesho yake sokoni watu wanakujua. Kisha mtu mwingine wa televizio, Georges Taï Benson, akasimamia disko yake ya kwanza, "Jah Glory", ya mwaka 1982. Bob Marley alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, Mei 1981, na watu walikuwa wanatafuta sauti.

Katika disko ile mna wimbo "Brigadier Sabari". Aliuimba kwa Kijula, lugha ya sokoni ya kwao, sawa Kiswahili chetu hapa. Anasimulia usiku ambao polisi wa Abidjan walimkamata na kumpiga karibu kufa. "Sabari" ni kuomba huruma, na neno hilo ni ndugu wa "subira" yetu. Yote mawili yametoka kwa Waarabu. Fikirini sasa: mtu wa televizio ya serikali anasimamia wimbo unaosema askari wanapiga raia! Mimi nasema ushujaa wa disko ile haukuwa wa mwimbaji peke yake.

Mwaka 1986 alitoa "Jerusalem", aliyoitengeneza Kingston pamoja na Wailers, wale wale waliokuwa wakimpigia Marley. Lakini mimi, mkiniuliza, nabaki na "Brigadier Sabari".

Turudi hapa kando ya ziwa. Leo kijana anaweza kurekodi wimbo chumbani na kuupitisha kwa simu, toka Kalemie hata Manono na Kolwezi. Lakini wimbo ukipita redioni, baba na mama nao wanausikia, na hapo ndipo jirani anaanza kukuheshimu. Vijana wengine wanasema ukipeleka wimbo unaombwa kwanza matabishi. Hiyo si kazi ya mtangazaji. Ninyi watangazaji mnaosoma pembe hii, sikilizeni hata dakika mbili kabla ya kusema hapana. Nanyi vijana, msipeleke wimbo wenye kelele za kuku na jenereta, mkisha kulalamika kwamba mmeonewa.

Alpha Blondy mwenyewe, alipokuwa mzee, alifungua redio Abidjan, Alpha Blondy FM. Sasa vijana wanambishia yeye mlango.

Kama una kikundi, utuandikie: mnaimba kwa lugha gani, na nani alikuwa wa kwanza kuwasikiliza?