Fundi, Mteja na Ahadi Isiyo na Vipimo

Kila Ramadhani inapokaribia ukingoni, ugomvi mmoja hujirudia mitaani mwetu. Familia imepeleka vitambaa kwa fundi cherehani, imetoa kianzio, na imeambiwa kuwa nguo zitakuwa tayari kabla ya Idi, inshaallah. Usiku wa kuamkia Idi watoto hawana nguo, au kanzu imetoka fupi. Fundi naye hulalamika kwamba vitambaa vilichelewa na salio halijalipwa. Kila mmoja huapa kuwa mwenzake ndiye mkosa. Tuonavyo sisi, mara nyingi wote ni wakweli: kila mmoja alikuwa na mapatano yake moyoni, ila mapatano ya pamoja hayakuwapo.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Mteja akileta kitambaa chake, mkataba huo ni ijara, yaani kukodi kazi ya fundi. Fundi akitoa kitambaa mwenyewe, wanazuoni huuita istisnaa. Katika yote mawili, kazi na ujira sharti vijulikane. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kuvunwa. Hakuwazuia, bali aliwaelekeza, kama alivyopokea Ibn Abbas, kwamba kipimo, uzani na muda viwe bayana.

Mfano wa mkataba wa utumishi umo katika Suratul Qasas, aya ya 27 na 28. Mzee wa Madyan alimtajia Nabii Musa (A.S.) miaka 8 ya kumtumikia kuwa ndiyo sharti, akitimiza 10, hiyo ni hiari yake. Nabii Musa alikubali, akabainisha kuwa muda wowote kati ya hiyo miwili akiumaliza, asidaiwe zaidi. Kisha wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Hapo palijulikana lililo wajibu, lililo hisani, na mahali deni linapokoma.

Basi na sisi tufanye hivyo. Kauli ya "nishonee vizuri" haina kipimo, wala "utazikuta tayari" haina tarehe. Karatasi moja yatosha: idadi ya nguo na vipimo vyake, siku ya kujaribu, siku ya kukabidhi, ujira na salio, na nani atagharimia marekebisho. Mteja naye aandikiwe wajibu wake: siku ya kuleta kitambaa na siku ya kulipa. Fundi akiahidi kuzipeleka nguo nyumbani, isemwe wazi kama ni sehemu ya ujira au ni ihsani yake. Na neno inshaallah tulitamke kwa nia thabiti; tusilifanye pazia la ahadi tusiyokusudia kuitimiza.

Wako wanaoona kuwa kuandikiana ni kutoaminiana. Hao tunawakumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inayowaamrisha waumini, si maadui, kuandikiana madeni ya muda ili shaka iwaondoke. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Udugu nao hupotea vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watimizaji wa ahadi. Amin.