Mgeni njoo, mwenyeji apone

Natumaini matope yameshatoka kwenye viatu na godoro limeshaanikwa. Masika imeaga. Wale wa mabondeni poleni sana kwa mliyoyaona. Wengine tuseme alhamdulillahi, maana sasa tumeingia kile kipindi ambacho Dar inakuwa mji wa kukaa binadamu.

Wenzetu wa Ulaya, theluji ikiyeyuka na miti ikianza kuchipua, hutoka majumbani kama kumbikumbi. Mabustanini wao, kwenye maua wao, kulala kwenye majani wao. Machipuko hayo sisi hatuna, lakini tuna ya kwetu. Ni kuanzia mwishoni mwa Mei, mvua zinapokata, mpaka Agosti hivi. Upepo wa kusi unavuma, jua linakuwa la kistaarabu. Vitabuni kinaitwa kipupwe. Mtaani tunasema tu "siku hizi kuna kaubaridi". Ukimwona konda wa daladala kavaa sweta saa nne asubuhi, ujue ndiyo yenyewe. Unaweza kutembea kwa miguu kutoka Posta mpaka Feri na shati likabaki kavu. Jaribu hivyo Februari uone cha moto.

Sasa swali: raha yote hii, wewe unaitumiaje? Mimi nilikuwa na jibu la haraka. Jumamosi kijiweni, Jumapili mpira kwenye televisheni, mshiko ukipatikana tunajirusha, usipopatikana tunalala. Nimekaa mji huu miaka minane namna hiyo, nikajiona mtoto wa mjini. Mpaka mama alipoliuliza lile swali.

Mama alikuja kutoka Singida katikati ya Aprili kumlea dada aliyejifungua pale Tandika. Siku arobaini, msomaji wangu, mvua inanyesha, mama yuko ndani. Anakanda mzazi, anaogesha mtoto, anachemsha uji. Mimi nakwenda kumsalimia, nakula, naondoka. Arobaini ikaisha, mvua nayo ikaisha, tiketi ya basi ikakatwa. Jumamosi jioni tunakunywa chai, mama akauliza taratibu kabisa, "Hivi mwanangu, bahari iko upande gani?"

"Bahari si hapo tu, mama," nikanyoosha kidole. Shemeji akacheka mpaka chai ikampalia. Nilikuwa nimeonyesha Mbagala.

Wengine walicheka, mimi sikucheka. Mama yangu alikuwa anaondoka Jumatatu alfajiri. Angefika kijijini, wakamuuliza Dar ikoje, angejibu nini? Kwamba Dar ni chumba kimoja na redio ya jirani? Na kisa chote ni mimi, niliyekuwa nasema kila wiki "mama, ngoja nishike hela nikutembeze". Mfukoni nilikuwa na elfu ishirini. Nikasema liwalo na liwe, kesho tunatoka.

Jumapili asubuhi tukapanda daladala mpaka Posta. Kituo cha kwanza sikukipanga. Mama alisimama mwenyewe kwenye makutano ya Samora, akaliangalia lile sanamu la askari na bunduki yake. "Huyu ni nani?" Mh! Mimi napita hapo tangu nifike mjini na sijui. Akatuokoa mzee mmoja muuza magazeti. Akatueleza kwamba sanamu hilo la shaba liliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba singe ya bunduki imeelekezwa bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu la Mjerumani, Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Maandishi yake yako kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kimojawapo. Mama akayasoma neno kwa neno, kidole hewani kama mtoto wa darasa la pili.

Halafu akasema, "Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo. Hakurudi."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Mzee wa magazeti akavua kofia. Akasema hao wapagazi ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, kambi yao ikawa pale, wenyeji wakalitamka walivyoweza. Kumbe kila ninapokwenda kununua mtumba nataja jina la kikosi cha watu kama babu wa mama yangu. Hapo hatujalipa hata senti tano.

Tukashika Samora mpaka Bustani ya Botania. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribu mimea. Baada ya masika majani yake yanakuwa mabichi mpaka unatamani kuwa mbuzi. Tausi wanajipitisha kama wana miadi. Kuna miti ya kila aina na kivuli cha bure, na vijana wawili wawili wanaojifanya wanasomea mtihani. Kama una mwenzio na mifuko imechacha, hapa ndipo mahali pako. Nimemaliza.

Jirani tu ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Kiingilio cha Mtanzania hakilingani na cha mtalii, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Humo utakutana na habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni 1 na laki 7 na nusu. Mama akalitazama, akasema, "Meno yake mazuri kuliko ya baba yako." Mlinzi akageukia ukutani kucheka.

Kutoka hapo tukateremka mpaka Feri. Ukitaka kuliona soko la samaki likiwa na uhai wake, nenda asubuhi ngarawa na mashua zinapoingia. Hapo utawaona changu, kolekole na pweza, mnada unapigwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Vaa viatu unavyoweza kuviosha. Na usimwambie mtu bei kabla hujaamua kununua, utauziwa kwa macho.

Sasa mama akaona maji. Akatazama kushoto, akatazama kulia, halafu akaangalia Kigamboni. "Kumbe ng'ambo ni pale tu?" Loh! Yaani amesafiri kutoka Singida, na bahari yenyewe anaiona kama mto. Nikamwambia mama vumilia. Tukapanda kivuko. Nauli yake haifiki hata bei ya soda, na ni safari ya dakika chache yenye upepo ambao ukiufuata hotelini utaulipia. Ng'ambo tukachukua usafiri mpaka Mjimwema. Kuna fukwe za hoteli zenye kiingilio, na kuna sehemu unapita tu na wavuvi. Sisi tulipita na wavuvi.

Mama akavua kandambili, akaingia mpaka magotini na kanga yake. Akachota maji kwa kiganja, akaonja. "Kweli ni chumvi. Kama Singidani." Kwa wasiojua, Singidani ni lile ziwa la maji ya chumvi pale Singida mjini, mama kalizoea tangu utotoni. Akainua macho. Akakaa kimya muda mrefu. "Ila hili halina ng'ambo."

Nikamnunulia machungwa. Huu ndio msimu wake, mikokoteni imejaa, unamenyewa hapo hapo kwa kisu cha muuzaji. Tukala tumekaa kwenye mchanga, akaniambia mambo ya babu yake ambayo nisingeyasikia Tandika na redio ya jirani inapiga kelele. Tukarudi na kivuko cha saa kumi na moja, jua linashuka nyuma ya mji, makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yote ya enzi za Wajerumani, yamesimama kando ya bandari. Mama akasema, "Mji wenu mzuri. Mbona hukuwahi kusema?"

Ningesemaje na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nauona? Chenji nilirudi nayo nyumbani. Miaka minane najitetea kwa umaskini, kumbe ulikuwa uvivu.

Haya, msomaji wangu, usije ukasema sikukwambia. Kipindi hiki ni kifupi. Ikifika Novemba joto litakuwa limesharudi na visingizio vyako vitakuwa vya kweli. Kama una mgeni, au wewe mwenyewe ni mgeni wa miaka minane kama mimi, anzia hapa:

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, halikujengwa kwa ajili ya magari tu. Litembee kwa miguu jioni, baharini kulia ukielekea Coco, halafu malizia kwa mihogo ya kukaanga na pilipili pale ufukweni. Jumapili Coco inafurika, kwa hiyo simu mfukoni, mkono juu ya mfuko.

Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila yetu. Mpeleke mtoto aliyezaliwa kwenye tofali za saruji aone babu yake alilala wapi. Ulizia siku za ngoma kabla hujatoka nyumbani.

Sabasaba, Barabara ya Kilwa, maonyesho huanza mwishoni mwa Juni na kilele ni tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Nenda siku ya kazi kama hutaki kukanyagwa. Na watoto wawekeeni namba ya simu mfukoni, maana kila mwaka matangazo ya waliopotea hayakosi.

Kisiwa cha Mbudya, mashua unapandia Kunduchi. Lakini kusi ikikaza bahari haina mzaha. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Usimbembeleze.

Pugu na Kisarawe, kwa wanaotaka msitu badala ya mchanga. Hewa ya huko utadhani umetoka mkoani. Baada ya mvua njia huteleza, na usiende peke yako.

Halafu chonde chonde, usisubiri kushika hela. Wazee wetu hawasubiri. Wanakaa siku arobaini, wanaosha vyombo vyetu, wanarudi zao, na hawaulizi bahari iko wapi kwa sababu wanaona aibu kutusumbua. Wangu aliuliza mara moja tu, siku mbili kabla ya basi. Wako labda hatauliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona.

Ila mama yangu kaharibikiwa. Aliondoka na chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari, kaifunga kwenye kanga kama dhahabu, akawaonyeshe majirani. Jana kanipigia simu kwa uchungu. Kijijini wote wameonja, mmoja baada ya mwingine, na wote wamegoma kuamini.

Wanasema kayachota Singidani.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.