Chuo cha kanisa kilichofungwa Alabama: somo kwa viongozi wetu

Habari za vyuo vikuu vya Marekani zinazofika kwetu ni za vyuo vikubwa. Tulisikia Claudine Gay akijiuzulu uongozi wa Harvard mnamo Januari 2024, baada ya miezi sita tu. Mwaka 2025 tulisikia serikali ikikata fedha za utafiti, na Harvard ikiishtaki mahakamani. Mambo hayo ni mazito, lakini Harvard ina akiba ya zaidi ya dola bilioni 50. Haitafungwa kesho.

Vinavyokufa ni vyuo vidogo, na vingi kati yavyo vilianzishwa na makanisa. Birmingham-Southern College, chuo cha Wametodisti katika jimbo la Alabama, kilikuwa na historia tangu 1856. Tarehe 31 Mei 2024 kilifunga milango, na wanafunzi zaidi ya 700 wakaachwa bila chuo.

Shida haikuanza mwaka huo. Katika miaka ya 2000 chuo kilikopa fedha nyingi ili kujenga majengo mapya. Uchumi ukayumba mwaka 2008. Mwaka 2010 ikagunduliwa kwamba hesabu za misaada ya wanafunzi zilikuwa na makosa makubwa. Rais wa chuo akaondoka, na kazi za watu wengi zikakatwa. Baadaye akiba ikaendelea kuliwa. Mwishoni viongozi waliomba jimbo mkopo wa dola milioni 30, na mweka hazina wa jimbo akakataa.

Ni kweli kwamba nyakati ni ngumu kwa vyuo vyote huko. Tangu 2008 watoto wanaozaliwa Marekani wamepungua, kwa hiyo vijana wa kuingia chuo nao wanapungua. Masomo ni ghali, na wazazi wanaogopa madeni. Lakini chuo chenye deni la zamani huanguka kwanza upepo unapovuma. Rais alibadilishwa, deni likabaki. Na mkopo mkubwa haupitishwi na rais peke yake. Baraza la wasimamizi ndilo linaloukubali.

Ndugu wapendwa, jumuiya zetu nazo zinabeba vyuo vikuu: ULPGL Goma, UEA Bukavu, Shalom Bunia. Kwetu vijana hawapungui. Ni wazazi ambao vita na umaskini vimewanyang'anya uwezo wa kulipa minervali. Hata hivyo maswali ni yale yale. Kabla ya kuweka jiwe la msingi, nani atalipa jengo hili? Hesabu za mwaka zimekaguliwa na nani, na zimesomwa mbele ya nani? Je, katika baraza kuna mtu anayeweza kumwambia rekta au mwakilishi wa kisheria «hapana» bila kupoteza nafasi yake?

Katika Luka 14, Yesu anamtaja mjenzi wa mnara ambaye hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani. Wajumbe wa mkutano mkuu wayaulize maswali hayo mapema, wakati chuo bado kina uwezo wa kujirekebisha.