Binti anatoka jasho uwanjani, mabao hayaji

Jumamosi asubuhi tumbo humsokota. Siku nyingine za wiki hana neno: anakula, anaenda shule, anacheka na wenzake. Lakini siku ya mechi chai humshinda na mandazi hubaki kwenye sahani. Mamake alimpeleka zahanati mara mbili, akapimwa, hawakupata kitu. Ile mara ya pili tabibu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Leo mnacheza na nani?"

Msichana huyu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8 katika shule moja ya Nairobi, na hucheza safu ya mbele katika timu ya mpira wa magongo. Ndiye wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kurudisha koni stoo. Msimu mzima amefunga bao moja. Mwenzake wa upande wa kulia, ambaye Jumatano haonekani mazoezini, ana mabao tisa.

Akirudi nyumbani babake humpokea kwa swali lile lile: "Umefunga mangapi leo, mama?" Huuliza kwa upendo. Mtoto hujibu "hakuna" akielekea kuvua viatu, na mazungumzo huishia hapo.

Mzazi asiyeujua mchezo huu aelewe jambo moja. Katika soka mtu anaweza kufyatua kombora kutoka katikati ya uwanja na bao likakubaliwa. Katika magongo, bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambulizi ndani ya mduara ulio mbele ya goli, ambao ukingo wake uko mita 14.63 kutoka langoni. Sasa kazi kubwa ya msichana huyu hufanyika nje ya mduara huo. Ndiye anayemkimbilia beki mwenye mpira, anainama, anamnyang'anya, anampa mwenzake aliye huru. Mpira unapoingia mduarani, yeye bado anahema huko nyuma. Bao likiingia, wote humkimbilia aliyegusa mwisho.

Kocha wake aliliona hilo, ila mwanzoni alikosea kama wanavyokosea makocha wengi wenye moyo mzuri. Alimwambia asijali mabao, muhimu ni timu. Mtoto wa miaka 13 hadanganyiki hivyo. Anajua ni nini kinachohesabiwa, na akisikia "usijali" anaelewa kwamba kocha amemkatia tamaa. Kosa la pili kocha hakulifanya, na ashukuriwe: kumrudisha nyuma acheze beki kana kwamba ni adhabu. (Ubeki wenyewe si wa kudharauliwa. Avtar Singh Sohal, nahodha wa Kenya katika Olimpiki za 1964, 1968 na 1972, alikuwa beki.)

Alichofanya ni kumpa mchezaji wa akiba daftari na kalamu, apige alama kila mara fowadi yeyote anaponyang'anya mpira. Baada ya mechi kocha alisoma hesabu mbele ya timu nzima, bila hotuba. Msichana huyu: mipira kumi na mmoja. Yule wa mabao tisa: miwili. Kimya kidogo, kisha mwenye mabao akasema, "Kumbe mengine ni yako!" Wakacheka.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu mtoto bado anataka kufunga, na ana haki. Watoto wengi hufundishwa kupiga mashuti mwanzoni mwa mazoezi, wakiwa na nguvu zote. Yeye hufika langoni akiwa hoi. Basi dakika kumi za mwisho hukimbia hadi mstari wa katikati na kurudi, halafu anamalizia mpira kutoka mita tatu tu, gongo likiwa chini. Hapo chini ndipo palipokuwa na shida. Alizoea kuingia mduarani amesimama wima, gongo likiwa kiunoni, na mpira ukimpita miguuni. Kwenye viwanja vya nyasi na murram vya shule zetu mpira huruka unavyotaka; mwenye gongo hewani hana lake. Siku hizi anafundishwa pia kukaa karibu na mlingoti wa pili, maana kipa akiokoa kwa pedi mpira mara nyingi hurudi uwanjani. Mabao ya hivyo hayapendezi macho, ila yanahesabiwa.

Gongo lenyewe alilirithi kwa binamu akiwa na miaka 10. Katika umri huu wasichana wengi hurefuka ghafla, na kwa muda mtoto huonekana kama anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Huo si uzembe. Gongo linalofaa hufika karibu na nyonga. Lake lilikuwa limebaki mapajani. Na binti aliyekuwa na pumzi akianza kuchoka upesi, hasa baada ya kuanza hedhi, apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu. Upungufu wa madini ya chuma si jambo geni kwa wasichana wa rika hili.

Na tumbo? Wasiwasi huleta maumivu ya kweli, mtoto haigizi. Huyu hakuwa akiogopa mechi, aliogopa swali la jioni. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na binti anayeogopa jioni ya mechi hachelewi kuacha mchezo kabisa.

Mama alimweleza baba. Baba, ambaye hajui magongo hata kidogo, akaja uwanjani kwa mara ya kwanza, akakaa karibu na mwenye daftari. Jioni, ndani ya matatu, aliuliza, "Yule beki mrefu ulimnyang'anya mara ngapi?"

"Nne. Ya tano alinigonga hapa." Akamwonyesha ugoko, akasimulia mpaka waliposhuka.

Jumamosi iliyofuata hakufunga. Mandazi alikula mawili, akabeba la tatu la njiani.